Habari za Kijito Chetu: Mlalakuwa, Kijitonyama na Mwenge

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Chama Kikuu wasomaji watakuta kwingine hesabu za mazao, picha za wajumbe wa bodi na habari za vyama vya msingi. Sisi tumepewa kazi ya namna nyingine, nayo ni kueleza habari za maji. Hatusemi maji ya bomba wala ya visima virefu, bali yale maji haba yanayopita mabondeni nyuma ya Mwenge bila ya kutazamwa na wapita njia, ambayo siku za masika hugeuka ghafla yakawa ndiyo bwana wa bonde zima. Wengi katika wanachama wetu hulima kandokando ya maji hayo: mchicha, matembele, bamia, migomba, na mpunga pale ambapo udongo mweusi bado haujafunikwa na zege. Kwa watu hao jina la kijito si jambo la wasomi peke yao. Mpaka wa shamba hutajwa kwa jina la maji yanayopakana nalo, na kibali cha kutumia maji hutolewa kwa jina la chanzo chake. Maji yakipoteza jina, mkulima naye hupungukiwa na maneno ya kujitetea.

Yafaa kwanza tuijue nchi yenyewe. Msomaji na asimame penye njia panda ya Mwenge, pale Barabara ya Sam Nujoma inapokutana na barabara kuu iendayo Bagamoyo. Upande wa magharibi ataona ardhi inapanda mpaka vilima vya Chuo Kikuu. Upande wa mashariki ardhi yateremka polepole hata baharini, kadiri ya mwendo wa saa moja kwa miguu. Mahali asimamapo ni mgongo wa nchi, na mgongo huo umegawa maji pande mbili. Kaskazini yake hupita Mlalakuwa, utokao katika miinuko ya upande wa Chuo Kikuu na Makongo, ukavuka barabara ya Bagamoyo na kushuka kuelekea Mikocheni na Kawe. Kusini yake hupita maji ya Kijitonyama, ambayo jina lake sasa limekuwa jina la kata nzima, hata watu wengi waishio humo hawafikiri kabisa kwamba wanatamka jina la mto. Yote mawili mwisho wake ni Ghuba ya Msasani.

Mito hiyo ni midogo. Ukiilinganisha na jamaa zake wa pwani hii, yaani Mbezi, Tegeta na Nyakasangwe, kisha Mpiji ulio mpaka wetu na Mkoa wa Pwani, utaona kwamba ni kama wadogo wa mwisho katika nyumba yenye watoto wengi. Upande wa kusini wa jiji wako wakubwa wenyewe: Msimbazi, unaoteremka kutoka vilima vya Pugu na kukata jiji katikati, na Kizinga na Mzinga, ambao mabonde yao ya kale yaliyozamishwa na bahari ndiyo yaliyoifanya bandari ya Dar es Salaam. Bila ya mito hiyo miwili pasingalikuwa na bandari, na bila ya bandari Sultani Majid bin Said wa Unguja asingalikuwa na sababu ya kuanza kujenga mji karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860. Twasema hayo ili mtu asidharau maji madogo kwa kuwa ni madogo.

Mvua yetu huja mara mbili. Masika huanza mwezi wa Machi na kuishia Mei. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na mwaka wa kawaida hupata kama milimita 1,000 au kuzidi kidogo. Katika kiangazi Mlalakuwa huwa uzi wa maji tu, wenye vidimbwi hapa na pale. Mtoto aweza kuuruka. Mvua kubwa ikinyesha usiku mmoja juu ya vilima, maji hayo hayo hufika chini yakiwa mekundu, yamebeba mchanga, magogo na siku hizi chupa za plastiki. Mlangoni, bahari nayo ina zamu yake. Wakati wa bamvua maji ya chumvi hupanda ndani ya mlango wa mto, na wakati wa maji mafu hurudi nyuma. Upepo wa kusi ukivuma miezi mingi, mawimbi husukuma mchanga ufukweni kuelekea kaskazini, na mlango wa kijito kidogo huweza kuzibwa na kilima cha mchanga mpaka mvua nyingine ije kukivunja. Mambo hayo yajulikane, kwa sababu tutayarejea tutakapofika katika habari za mchanga.

Tukiingia katika majina, hapana budi tuanze na lugha. Watu wa pwani wana hazina ya maneno ya maji. Mto ni mto, mdogo wake ni kijito. Mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi, wenye mikoko kandokando na maji yanayojaa na kupwa, si mto bali ni hori. Wachora ramani wa Kiingereza walikuwa na neno moja tu ambalo pwani yetu walilitumia kwa hori, ilhali nchini Marekani na Australia neno lilo hilo ni jina la kijito cha bara. Ndiyo maana katika ramani za zamani za Dar es Salaam mtu asiyeijua nchi aweza kudhani kwamba Msimbazi una maumbile mamoja tangu Pugu mpaka Salenda, kumbe juu ni mto wa mchanga na chini ni hori ya mikoko. Mvuvi hachanganyi mambo hayo, wala mkulima, maana mmoja hutaka maji ya chumvi na mwingine huyakimbia.

Neno Mto lenyewe limezaa majina mengi. Unguja kuna Mtoni, ambako Seyyid Said alijenga kasri lake ufukweni karibu na kijito. Temeke pia kuna Mtoni, karibu na maji ya Kizinga. Majina hayo mawili hayana udugu wa ukoo. Kila moja lilizaliwa mahali pake kwa sababu ile ile, yaani watu walikwenda mtoni, wakasema wanakwenda mtoni, na baada ya muda neno likasimama likawa mji.

Kijitonyama ni jina la namna hiyo, ila lina siri kidogo. Wengi husikia nyama wakafikiri habari za bucha. Wengine huliunganisha na kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers kilichokuwa Kawe. Sisi twaona kwamba ufafanuzi huo haufai. Kawe iko upande mwingine kabisa, ng'ambo ya Mlalakuwa, na kiwanda kile kilianza baada ya Vita Kuu ya Pili, ilhali umbo la jina hili ni la kizamani. Kwanza tazama namna lilivyoundwa: kijito, kisha nyama, pasipo kiungo cha "cha" katikati. Unguja kuna jina lililoundwa vivyo hivyo, nalo ni Kijitoupele. Ndivyo walivyosema watu wa kale walipotaka jina fupi la kutamkwa njiani. Pili, katika Kiswahili cha zamani nyama halikuwa jina la kitoweo peke yake. Lilikuwa pia jina la mnyama mwenyewe, na kamusi za mwanzo za lugha yetu zimetoa maana zote mbili. Kwa hiyo Kijitonyama chaweza kusomwa kuwa kijito cha wanyama, mahali ambapo wanyama wa porini walishuka kunywa maji. Mtu akitazama leo maghorofa ya Kijitonyama na foleni za magari atacheka. Lakini acheke polepole, kwa maana nchi hii ilikuwa pori na vichaka muda si mrefu uliopita, na mashamba ya Wazaramo yalikuwa yametapakaa ndani yake kama visiwa.

Sasa tutelemke Mikocheni. Hapo hapana fumbo. Mkoche ni mti wa jamii ya mitende, wenye majani kama upepeo na matunda magumu ya rangi ya kahawia yaitwayo makoche, ambayo watoto huyatafuna kwa utamu wake mdogo. Majani yake hutoa miyaa, na kwa miyaa husukwa mikeka, vikapu na makanda. Mikocheni basi ni penye mikoche. Mti huu hupenda mchanga wa pwani na maji yaliyo karibu chini ya ardhi, kwa hiyo jina hili humwambia mkulima jambo ambalo mpima udongo angemtoza fedha kumwambia: hapa maji si mbali, na hapa ardhi hulowana.

Mti huo huo una jina la pili, nalo ni mlala. Hapo ndipo tunapofika katika Mlalakuwa. Ramani na barua za ofisi huliandika jina hili kwa namna mbili, Mlalakuwa na Mlalakua, na kila namna ina watu wake. Wapo walisikiao kama habari za mtu aliyelala, kwa kuwa mlala pia aweza kuwa mwenye kulala, na Kiswahili hupenda majina ya mzaha ya namna hiyo. Jirani yetu Mwananyamala hufasiriwa na wengi kuwa ni onyo la mama kwa mwanawe anyamaze. Sisi twaegemea upande wa mti. Kijito kimepita katikati ya nchi ambayo upande wake wa chini waitwa penye mikoche. Ni ajabu gani basi upande wake wa juu ukiitwa kwa mlala? Watu wawili wa lugha jirani, mmoja akisema mkoche na mwingine mlala, waliutazama mti mmoja na kuyapa maji na nchi majina mawili. Aliye mzee katika wanachama wetu na aliyewahi kusuka miyaa atatuelewa upesi kuliko kijana aliyezaliwa penye lami.

Jina la Mlalakuwa lilipata kujulikana nchi nzima kwa sababu nyingine isiyohusu mitende wala maji. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na kwa miaka mingi Makao yake Makuu yalikuwa Mlalakuwa. Vijana wa mikoa yote walilisikia jina hilo redioni na kulisoma magazetini. Lakini hata miongoni mwa waliofika huko, ni wachache walioulizwa mto uko wapi.

Majina ya ufukweni yana mashindano makubwa zaidi, na hatuwezi kupita bila ya kuyagusa. Husimuliwa kwamba Msasani ni jina la mtu, Musa Hassani, lililofupishwa na ndimi za wavuvi. Hadithi hiyo ni nzuri, na hadithi nzuri ni vigumu kuishinda. Lakini msasa ni mti, na majani yake ni makavu yenye kukwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani kufika. Na karatasi hiyo yenyewe imepokea jina la mti ikaitwa msasa. Penye mikoche ni Mikocheni, penye msasa ni Msasani: sheria ni moja. Kwa Kawe nako husemwa kwamba jina limetokana na maneno ya Kiingereza ya njia ya ng'ombe, kwa ajili ya ng'ombe waliopelekwa kiwandani. Sikio la mtu wa pwani husikia jambo jingine: ka- ya udogo, na -we ya jiwe na mawe, yaani kijiwe. Ufukwe wenye mawe ya matumbawe haukumngojea mchinjaji wa ng'ombe aje kuupa jina. Twataja hayo kwa sababu tumeona desturi mbaya inaenea, ya kudhani kwamba kila jina lisiloeleweka upesi lazima liwe limeharibika kutoka Kizungu au kutoka jina la mtu mkubwa. Aghalabu majina ya nchi hii yalitolewa na watu wadogo waliokuwa wakitafuta maji, kuni na ukili.

Si yote, bila shaka. Daraja linalovuka mlango wa Msimbazi limeitwa kwa jina la John Einar Selander, aliyekuwa Mkurugenzi wa Idara ya Ujenzi katika Tanganyika ya wakati wa Waingereza, na wananchi wakaligeuza kuwa Salenda, nalo limezoeleka hata watu husema "nashuka Salenda" kana kwamba ni jina la kijiji. Mwaka 2022 daraja jipya la Tanzanite lilifunguliwa baharini mbele yake. Madaraja yamepata majina mawili ya fahari. Maji yaliyo chini yamebaki na lile lile la Msimbazi, nayo yasingetambua mengine.

Na Mwenge? Hili ni jina la kizazi kipya. Mwenge ni mwanga wa majani makavu au wa ukuni, wa kushikwa mkononi usiku, na neno ni la zamani sana. Lakini tangu usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipouwasha Mwenge wa Uhuru juu ya kilele cha Kilimanjaro, hapana Mtanzania alisikiaye neno hilo asikumbuke Uhuru. Makazi yalipoota juu ya mgongo huu wa nchi, na kituo cha mabasi kikaja, na wachongaji wa vinyago vya mpingo wakakusanyika mahali pamoja wakauza kazi zao kwa wageni, jina lililosimama lilikuwa la taifa wala si la mti au la maji. Sisi hatulilalamikii, ni jina tukufu. Twaona tu kwamba liliwekwa juu ya mgongo, mahali penye barabara, na watu wakazoea kuitazama nchi kutoka barabarani. Pale karibu pana kituo kiitwacho Mpakani, na jina lenyewe lasema kwamba palikuwa na ukomo wa kitu. Mji wa leo umepita ukomo huo mpaka Bunju, na mabonde mawili yaliyokuwa nje ya macho yamejikuta katikati ya nyumba.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Chuo Kikuu kilichoanzishwa mwaka 1961 katika jengo la mjini kilihamia vilimani mwaka 1964. Nyumba zikafuata barabara, viwanda vikajengwa Mikocheni, na kila jengo lilihitaji mchanga. Hapo ndipo mito midogo ilipogunduliwa upya, lakini si kwa maji yake. Katika miaka ya 1970 na 1980 mchanga mwingi ulichimbwa katika vitanda vya mito ya kaskazini mwa jiji, ukapakiwa katika malori na kwenda kuwa matofali. Mtu aliyeona mto mkavu wenye mchanga safi alidhani ni mali isiyo na kazi. Kumbe mchanga ule ulikuwa safarini. Mto huuchukua vilimani, huuleta baharini, na mawimbi huutandaza ufukweni badala ya ule unaochukuliwa na mkondo. Safari ilipokatwa, bahari haikuacha kuchukua. Iliacha tu kupokea. Ufukwe wa Kunduchi ukaliwa, na hoteli ya Africana iliyokuwa fahari ya pwani hiyo ikabomolewa na mawimbi. Wataalamu wameandika sababu zaidi ya moja za mmomonyoko ule, nasi hatudai kwamba ni mchanga wa mito peke yake. Lakini uchimbaji huo umo katika orodha ya kila mmoja wao.

Baada ya mchanga ikaja taka. Tusimung'unye maneno: mto unaopita nyuma ya nyumba zisizo na mfumo wa majitaka hugeuka kuwa mfumo wa majitaka. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha uchunguzi wao wa madini mazito, yakiwamo risasi na kadimi, katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Tangu hapo mchicha wa bondeni umepata jina baya sokoni, hata ule unaomwagiliwa kwa maji ya kisima. Mkulima ndiye anayeulizwa. Aliyefungulia bomba lake la maji machafu usiku wa mvua haulizwi, kwa kuwa hana meza sokoni. Juhudi zimefanywa, katika miaka ya 2010 Mlalakuwa ulipata mradi wake wa kuusafisha, watu wakashuka bondeni na mifuko na reki, na kwa muda maji yalionekana tena kuwa maji. Lakini bonde lisilo na mwenyewe huchafuka upesi kuliko linavyosafishwa.

Hapa ndipo twataka wanachama watutegee sikio, hasa wale walio katika bodi. Tumeona katika karatasi nyingi za miaka hii neno jipya likishika mahali pa mto. Neno hilo ni mtaro. "Mtaro wa Mlalakuwa", "shamba lililo kando ya mtaro", "mtaro mkubwa wa maji ya mvua". Mwenye kuandika hivyo pengine hana nia mbaya; ameona kingo za zege, akaita kitu kwa kadiri alivyokiona. Lakini mtaro ni kitu kilichochimbwa na watu kwa ajili ya kuondoa maji. Mto ni kitu kilichokuwapo. Sheria huvitazama kwa macho mbalimbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zaweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa bahari. Mtaro haukutajwa humo. Mtu akitaka kujenga ukuta, ghala au karakana juu ya ukingo wa Mlalakuwa, hatua ya kwanza iliyo nyepesi kwake ni kuona kwamba karatasi zimeandikwa mtaro.

Tusijifiche, jambo hili lina makali pande mbili. Tukisema huu ni mto, mita 60 zile zatuhusu na sisi. Wako wanachama wetu ambao mabanda yao ya kuku yamo ndani ya kipimo hicho, na wako waliojenga vibanda vya matofali vya kuwekea pampu. Katika mikutano wengine wamesema waziwazi kwamba ni afadhali tuukubali mtaro ili tuachwe tulime kwa amani. Twaelewa hofu yao. Mkulima aliyepanda mchicha wa wiki tatu hawezi kuishi kwa kusoma vifungu. Hata hivyo twaona hesabu yao si sawa. Mto ukiwa mtaro, mlinzi wa bonde ataondoka kwanza, na ardhi itapanda bei, na atakayekuja kuinunua hatakuja kupanda matembele. Bustani ya mboga isiyo na ujenzi wa kudumu, isiyomwaga sumu na iliyoachia majani kingoni yaweza kutetewa mbele ya afisa wa mazingira kwa hoja; ghala haliwezi. Sheria ile ilikataza aina fulani za shughuli, haikukataza jembe kwa jina. Hapo ndipo penye nafasi yetu, nayo ni nyembamba.

Kuna na upande wa maji. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, mwenye kuchukua maji mtoni kwa kilimo cha biashara hana budi kuwa na kibali, na kwa mito hii ya Dar es Salaam mwenye kutoa kibali ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Kikundi chenye kibali kina haki ya kulalamika maji yake yakichafuliwa. Kisicho na kibali hulalamika kama mpita njia. Na hakuna kibali cha maji ya mtaro. Wajumbe waliokwisha kujaza fomu hizo wanajua kwamba swali la kwanza baada ya jina la mwombaji ni jina la chanzo na mahali kilipo.

Hapa wakongwe wa ushirika watakumbuka jambo. Vyama vikuu vya nchi hii vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika miaka ile sita vyama vingi vilijifunza kwa taabu kwamba haki isiyoandikwa vizuri ni vigumu kuidai baadaye, iwe ni ya ghala, ya mizani au ya kiwanja. Maji ni vivyo hivyo. Miaka 10 ya Chama Kikuu chetu si mingi mbele ya historia hiyo, lakini yatosha kuwa na jalada lililo safi.

Kwa sababu hiyo kamati ya mabonde imekubaliana juu ya mambo machache ya kazi. Katika barua zote za Chama Kikuu na za vyama vya msingi, maji ya kaskazini mwa Mwenge yataandikwa Mto Mlalakuwa, na ya kusini Mto Kijitonyama, hata kama upande wa pili umeandika vinginevyo. Sehemu iliyojengewa zege itaitwa sehemu ya mto iliyojengewa. Mlango unaojaa maji ya chumvi wakati wa bamvua utatajwa kuwa mlango wa mto, si bahari, kwa kuwa samaki wadogo huzaliwa humo na wavuvi wa Msasani wana haki ya kuulizwa kabla ya jambo lolote kufanywa humo. Kila chama cha msingi kimeombwa kupeleka wazee wawili au watatu wapite kandokando ya maji pamoja na katibu, wataje majina ya vivuko, vidimbwi na miti mikubwa, na katibu ayaandike kama yalivyotamkwa. Majina hayo madogo ndiyo yanayokufa kwanza. Kivuko kikijengewa daraja, daraja hupewa jina la karibu la duka au la kituo cha basi, na baada ya miaka 20 hapana mtu ajuaye kwamba wanawake walivukia hapo na ndoo.

Limebaki swali la herufi moja, ambalo lilichukua sehemu kubwa ya mkutano wa mwisho kuliko mtu angedhani: Mlalakuwa au Mlalakua. Wenye kupenda ufupi walitaka la pili, na wakaonyesha karatasi za miradi zilizoandikwa hivyo. Wengine walisema kwamba jina la mtaa na la kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa limeandikwa kwa w kwa muda mrefu, na kwamba barua mbili zenye herufi mbalimbali zaweza kumpa karani kisingizio cha kusema ni mito miwili. Hoja hiyo ya karani ndiyo iliyoshinda. Fomu za kibali zitakazopelekwa kabla ya vuli zimekwisha kuandikwa kwa w.